Daftari la mali kauli

Jumamosi, saa tano usiku

Umeme bado haujarudi. Simu ina asilimia kumi na moja, mbu wameshapata chakula chao cha usiku kwenye vifundo vya miguu yangu, na mtoto wa kaka yangu amelala kwenye kochi, laptopu kifuani kama kichanga. Ngoja niandike ya leo kabla sijasahau nani alisema nini.

Kwa asiyenijua: nina duka Mwanga, hapa Kigoma. Unga, sukari, sabuni, mawese ya kupima, na pembeni kimeza cha wakala wa kutuma na kutoa pesa. Kama duka lolote la mtaani, nina daftari la madeni. Kaunta buku, jalada jeusi, limevimba kwa jasho la viganja. Kurasa za mbele wamo majirani: jina, alichochukua, siku ya kulipa. Ukiligeuza kichwa chini ukaanzia nyuma, utawakuta wakubwa wa teknolojia.

Ilianza Aprili 2019. Kijana huyu alikuwa bado sekondari, akaja dukani anahema. "Shangazi, Elon Musk wa magari ya Tesla kasema mwakani barabarani kutakuwa na teksi zaidi ya milioni moja zinazojiendesha zenyewe." Nikamuuliza, mwakani? Mwakani. Una hakika? Kasema mwenyewe. Nikachukua kalamu: "Musk. Teksi 1,000,000, hazina dereva. Kulipa: 2020."

Mwaka 2020 ukapita, na sote tunajua ulivyopita. Nikaandika pembeni "kaomba muda", maneno yaleyale ninayomwandikia fundi baiskeli wa jirani. Juni 2025 akapunguza kidogo: teksi chache, mji mmoja, Austin huko Texas, na ndani ya kila gari mfanyakazi wa kampuni kakaa kiti cha mbele anaangalia mambo yanakwendaje. Gari lenye mtu ndani asiyeendesha lakini kazi yake ni gari, sisi tunalijua siku nyingi. Huyo ni konda.

Mali kauli si dhambi. Hata dagaa wa mwalo wa Kibirizi huondoka hivyo: unachukua mzigo leo kwa neno lako, unauza, unarudi kulipa. Ila mali kauli ya kwetu ina mzigo. Gunia lipo, unaliona, linanuka. Hawa wenzetu wa California wana kauli tupu, mali itafuata, na magazeti huandika kauli kana kwamba gunia limeshateremshwa. Gunia lisipofika, hakuna anayerudi kuandika kwamba halikufika. Ndiyo maana ya zile kurasa za nyuma. Mtu mmoja lazima akumbuke, na mimi kukumbuka madeni ndiyo kazi yangu.

Mengine ni mafupi. Google waliahidi intaneti kutoka kwenye maputo makubwa angani. Julai 2020 huduma ikaanza Kenya, Januari 2021 wakatangaza wanafunga. Zuckerberg wa Facebook alibadilisha jina la kampuni mwaka 2021 kwa ajili ya ulimwengu wa kuvaa miwani, ambamo watu walielea kuanzia kiunoni kwenda juu. Mwaka uliofuata akatangaza kwa shangwe kwamba miguu inakuja. Idara ya miwani hiyo ilikula hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 mwaka 2022 peke yake, na miguu ikaja 2023. Huyo nimemkata mstari. Amelipa, ingawa hakuna aliyekuwa anamdai miguu. Na yuko bwana mmoja aliyenunua cheti cha kidijitali cha twiti ya kwanza ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, Machi 2021, kwa dola milioni 2.9. Mwaka mmoja baadaye akaipiga mnada akitaka milioni 48. Dau la juu halikufika dola 300. Twiti yenyewe mtu yeyote angeisoma bure.

Lakini ukurasa niupendao ni wa mashine ya juisi.

Iliitwa Juicero. Wawekezaji waliitilia kama dola milioni 120. Ilipotoka 2016 iliuzwa dola 699. Matunda na mboga vilikuja vimeshakatwakatwa kwenye pakiti. Mashine inasoma alama ya pakiti, inaunganishwa na intaneti, halafu inakamua glasi moja. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg wakaichukua ile pakiti wakaikamua kwa mikono. Juisi ikatoka. Karibu ileile, kwa muda karibu uleule. Septemba kampuni ikafungwa.

Hadithi hii nilimsimulia mama anayeniletea mawese kutoka Simbo. Kwao mchikichi hauna mbwembwe. Chikichi zinachemshwa kwenye pipa, zinapondwa, zinaingia kwenye mashine ya chuma yenye skrubu katikati na mti mrefu juu yake, vijana wanausukuma huku wanazunguka mpaka mafuta yatoke mekundu yakifuka. Alikuwa anapima lita yangu ya tatu. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo mikono walikuwa nayo?"

"Walikuwa nayo."

"Yote miwili?"

"Yote."

Akapangusa shingo ya chupa kwa kidole, kidole akakipangusia kwenye kanga, akasema, "Haya, hiyo ni lita tatu. Usije ukaniambia na mimi nisubiri intaneti." Akanyoosha mkono apewe pesa yake. Nikamlipa taslimu. Ndiye mtu pekee ambaye sijawahi kuthubutu kumwambia "mama, nitakuona kesho".

Leo jioni, umeme ulipokatika, tulikaa barazani na yule jirani ninayemwita Mzee wa Reli. Amestaafu zamani lakini saa yake bado inakwenda kwa ratiba ya treni. Kijana akawa anatusomea habari za zamani kwenye simu, ile ya pini ya kifuani ya kampuni ya Humane: kidubwasha cha kubandika kwenye nguo, unaongea nacho, kinakuandikia kwa mwanga kwenye kiganja. Kilisemwa kitaiondoa simu mfukoni. Dola 699, na juu yake dola 24 kila mwezi. Kilianza kufika kwa wateja Aprili 2024. Februari 2025 kampuni ikauza mali zake kwa HP, na tarehe 28 ya mwezi huo seva zikazimwa. Pini zikabaki vifungo vya shati visivyo na tundu.

Mzee wa Reli akauliza, "Haina hata mwaka?"

"Haikufika, babu."

Akacheka kwa pua. Nilijua tunakoelekea, maana kwa mzee huyu njia zote zinaishia kwenye Liemba. Na akafika: meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar, kwa reli mpaka hapa chini, ikaunganishwa upya na kuteremshwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi. Mzee huwa anasimama hapa. Anakuangalia. "Grisi," anarudia. Kwa sababu aliyeipaka alikuwa anajua kuna siku mtu ataitaka tena. Waingereza wakaiopoa 1924, miaka minane tangu izamishwe, na 1927 ikarudi majini ikiitwa Liemba.

"Hao wa pini," akasema, "walipaka grisi?"

Kijana hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo lakini nikalimeza, kwa sababu nami nina pini yangu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kamera ya ulinzi ya kufunga juu ya mlango wa duka, ya kuonea kwenye simu hata nikiwa kanisani. Ilifanya kazi miezi saba. Siku moja programu yake ikaniomba nisasishe, nikasasisha, ikaniomba nilipie, nikakataa, ikaniambia kifaa hakitambuliki. Kifaa kiko palepale, nakitambua mimi. Nilipiga namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa kwenye boksi. Ilipokelewa na muziki. Basi sijaishusha. Inawaangalia wateja kwa jicho lake moja jeusi, na tangu ife haijapotea hata sabuni. Naandika haya nikiamini kwamba vibaka wa Mwanga hawana muda wa kusoma shajara za wenye maduka.

Na nisijifanye mjuzi wa kila kitu. M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote mtaa huu. Pesa kwenye simu! Simu ikiibwa je? Simu ikianguka chooni je? Nilicheka mpaka jirani yangu wa upande wa pili akawa wakala, akapata wateja, wateja wakawa wananunua na sukari kwake. Miaka mitatu mizima nilikuwa nacheka huku sukari yangu inashika unyevu. Nikikumbuka sasa, ninachokiona ni kwamba hakuna aliyepanda jukwaani na fulana nyeusi kututangazia zama mpya. Alikuja kijana na mwamvuli, kiti cha plastiki na daftari. Mzigo ulikuja kabla ya kauli.

Basi turudi kwa huyu aliyelala kwenye kochi.

Ameshuka juzi kwa basi kutoka Dar, na hakuja kusalimia tu. Ana mradi. Programu ya simu itakayotumia akili mnemba kutabiri bei ya dagaa Kibirizi, ili mfanyabiashara aliyeko Tabora au Dar ajue anunue lini. Ametengeneza slaidi kumi na mbili. Ya tatu ina roboti ameshika dagaa mmoja kwa mkia. "Shangazi, tusipoingia sasa tutaachwa." Hilo neno "tutaachwa" nililisikia kwa nguvu hiyo mara ya mwisho 2011, magari yakikimbilia Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo. Ila kikombe kilikuwa shilingi 500 na hakikudai malipo ya kila mwezi.

Sikumkatisha. Nikauliza mambo ya dukani tu.

"Hiyo akili yako inajua mbalamwezi?"

"Mbalamwezi?"

Mtoto kazaliwa hapa, na amesahau. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Hilo analijua hata paka wa mwaloni. Akaliandika. Nikamuuliza, na lile katazo la 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti? Akaliandika pia. Mpaka hapo mwenye akili ni mimi, nikafikiri, na silipwi.

"Bei za kila siku itazipata wapi?"

Hapo akajikuna kidevu. "Kwa kuanzia, kutakuwa na kijana pale Kibirizi. Kila alfajiri anapita kwa akina mama, anauliza bei, ananitumia kwa meseji."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naingiza kwenye mfumo."

"Basi huyo kijana ndiye akili mnemba."

Alichukia kidogo, lakini si yeye aliyeanza. Amazon walikuwa na maduka yasiyo na wa kupokea pesa, unabeba na kutoka, kamera zinajua ulichobeba. Mwaka 2024 magazeti ya Marekani yakaripoti kwamba nyuma ya kamera kulikuwa na watu kama elfu moja India wanapitia video. Kampuni ikasema kazi yao hasa ilikuwa kuifundisha mashine. Na jarida la TIME liliandika Januari 2023 kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma uchafu wa mtandaoni ili ChatGPT ijifunze adabu. Huko juu inaitwa akili. Huku chini ni mtu wa zamu ya alfajiri, ana mafua, anataka nauli.

Ninachompendea kijana wangu ni kwamba yeye angalau kamtaja huyo mtu kabla sijamgundua. Na, nikiwa mkweli, meseji ya bei ya Kibirizi kila alfajiri hata mimi ningeilipia kitu. Ondoa roboti, ondoa slaidi kumi na moja, kinabaki kitu.

Kwa hiyo aliponiomba elfu themanini za kuanzia, nilimpa thelathini, za vocha na nauli ya huyo wa Kibirizi. Nikafungua daftari. Akadhani nitaligeuza, sikuligeuza. Nikamwandika mbele, chini ya fundi baiskeli, nikampa kalamu ajaze mwenyewe siku ya kulipa.

Akaandika "hivi karibuni".

Nikamtazama. Akafuta, akaandika "tarehe 30", akatia saini kubwa yenye mkia. Nimelifungua tena sasa hivi kwa tochi ya simu, asilimia nne. Mwezi hakuandika.