Ham ya Pasaka imebaki nusu, tuifanyeje?

Pasaka imeisha, wageni wameondoka, ukifungua friji unakutana na ile ham imefungwa kwenye foili, imeliwa upande mmoja tu. Mlioko Marekani mnanielewa, maana huku msimu huu ham zinakuja zenyewe, kazini wanakugawia, supamaketi nayo ukifikisha manunuzi ya kiasi fulani unapewa ya bure, na hata ukinunua siku mbili tatu baada ya sikukuu unaikuta imeshushwa bei mpaka unaona aibu kuiacha. Na sio kitu cha watu watatu hiyo, nusu paja lenye mfupa linafika kilo 3 na nusu, mengine 4 na kitu. Siku ya kwanza inanoga, ya pili mnakula na mkate, ya tatu watoto wanakuangalia tu.

Kwa asiyeijua, ham ni paja la nguruwe lililotiwa chumvi na mara nyingi sukari kidogo, likafukizwa moshi, na nyingi zinazouzwa huku zimeshaiva kabisa, oveni ni ya kupasha tu. Mama yangu yuko Moshi, juzi kaiona kwenye video koli akaniuliza "mwanangu, hiyo nyama mbona nyekundu hivyo, mmeipika kweli?" Imeiva mama, hiyo rangi ni ya nitraiti wanayochanganya na chumvi, haipotei hata uipike mpaka kesho. Hakuridhika, ila tukaendelea na habari nyingine.

Sasa mi naona shida yetu watu tuliokulia kwenye kitimoto ni kwamba tunaichukulia ham kama nyama. Tunataka tuikate vipande tuikaange na ndizi na pilipili, au tuiunge mchuzi tuiache ichemke saa nzima ilainike. Hailainiki bwana, imeshaiva tayari, ukiichemsha inakauka inakuwa nyuzi nyuzi na mchuzi wote unageuka chumvi. Mi naichukulia kama papa mkavu, yaani kipande kidogo kwenye sufuria kubwa, kazi yake ni kuunga wenzake, sio yenyewe kuwa mboga. Ukianza kuipika kwa akili hiyo utashangaa inavyokwenda mbali.

Kwanza kabisa usiiache vile ilivyo kwenye foili. Itoe, chukua kisu kikali, tenganisha mafungu. Nyama safi kata vipande vidogo saizi ya punje kubwa ya mahindi, hivyo ndivyo vya mayai na wali. Ile ya pembeni yenye sukari na asali ya kuungua weka peke yake maana ukiitupia kwenye maharage yatakuwa matamu kama uji, kwenye wali wa kukaanga ndio kwake. Mafuta na ngozi weka pembeni usitupe. Mfupa acha na nyama nyama zake zilizogandia, usijitese kuukwangua. Kwenye friji mwisho siku 3 mpaka 4, inayozidi hapo peleka friza mapema, kwenye mifuko ya kiasi cha kupika mara moja moja, mwezi mmoja mpaka miwili bado iko vizuri, baada ya hapo haikudhuru ila ladha inashuka. Na kama ilikaa mezani kuanzia misa ya asubuhi mpaka wageni wa jioni wanaondoka, hiyo itupe tu, ikizidi masaa 2 nje ya baridi ushaanza kucheza na tumbo.

Haya, mfupa. Mfupa ndio mali yenyewe hapa, nyama ni nyongeza.

Hapa Houston nina jirani, bibi mmoja wa New Orleans, alihamia huku baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 kama wengi wao. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kwao Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali, toka zamani, Jumatatu ilikuwa siku ya kufua kwa hiyo kina mama wanabandika maharage yanajipikia wenyewe huku wao wako kwenye madebe ya nguo, na kinachotiwa humo ni mfupa wa ham iliyoliwa Jumapili. Nikamwambia bibi, hii kwetu ni wali maharage, chakula cha shule ya bweni, akacheka sana. Hata Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta, alikuwa anamalizia barua zake kwa kuyataja hayo maharage na wali pale ambapo wengine wanaandika "wako mtiifu", ujue ni chakula cha watu kweli.

Basi fanya hivi. Loweka maharage mekundu usiku, kama nusu kilo, asubuhi mwaga yale maji. Kaanga kitunguu kikubwa, hoho la kijani na selari miti miwili mitatu kwa yale mafuta ya ham uliyoweka pembeni, sio mafuta ya chupa, acha vilegee vianze kubadilika rangi, tia kitunguu saumu, thaimu kidogo na pilipili ya unga. Weka maharage, weka mfupa, maji yapite juu kidole kimoja hivi. CHUMVI USITIE. Narudia kwa wale mkono mwepesi, usitie kabisa, mfupa unajua kazi yake, utaonja mwishoni. Yakichemka vizuri kabisa yaache hivyo kama dakika 10 ndio upunguze moto, na hii sio mbwembwe, maharage mekundu mabichi yana sumu yake ambayo inakufa kwa mchemko wa nguvu, kwa hiyo zile sufuria za umeme za moto mdogo wa siku nzima msiyatupie mabichi moja kwa moja, chemsheni kwanza pembeni.

Baada ya saa moja na nusu au mbili, ukiona yamelainika, toa mfupa, zile nyama zitakuwa zinaachia zenyewe, zichambue uzirudishe. Alafu kitu alichonionyesha bibi, unachukua mwiko unayabana maharage kidogo kwenye ukuta wa sufuria, yale ya pembeni tu, unayaponda unakoroga, unayaponda unakoroga, kama robo ya maharage yote hivi. Supu iliyokuwa inatembea tembea unaiona inaanza kuwa nzito na kung'aa, inashika mgongo wa mwiko. Mi nilikuwa nazoea kukimbilia nazi kila nikitaka maharage mazito, hapa nazi haihitajiki na kwa kweli haipatani na moshi wa ham, nimeonja nikaona bora kila mtu abaki kwake.

Kama una preshakuka mambo ni mafupi zaidi, ila hiyo ya kuponda usiiruke.

Mfupa wa pili (au huo huo ukiugawa, mwenye bucha wa supamaketi anaweza kukupasulia) peleka kwenye mtori, ile supu nzito ya ndizi ya Wachaga. Najua wazee wa Kibosho watasema nimepotoka, mtori ni wa ng'ombe, sawa, lakini ng'ombe mwenye mfupa huku bei yake mnaijua na huu uko hapa tayari umeshalipiwa. Ndizi tafuta maduka ya Wameksiko au ya watu wa Karibiani, zile za kijani kibichi kabisa, za supamaketi ya kawaida nyingi zimeshaanza utamu ndani hata kama nje unaona kijani. Kama ham yako ilikuwa ya chumvi kali chemsha mfupa dakika kumi umwage maji ya kwanza, ndio uanze upya na kitunguu, karoti na nyanya moja, saa moja na nusu hivi. Toa mfupa, tia ndizi ulizomenya na viazi viwili vitatu, vikiiva pekecha mpaka ulainike, siagi kijiko kimoja, na zile nyama za mfupani unazirudisha mwisho kabisa ukishaepua. Moshi wa ham kwenye ndizi aisee. Hiyo harufu inanikumbusha ndizi zilizopikiwa jikoni la kuni, kitu ambacho jiko la umeme halijawahi kunipa toka nimekuja nchi hii. Mtu mwenye mafua mpe bakuli la huo, atakushukuru.

Majani nayo. Sukuma wiki ya kwetu na haya majani ya kolad wanayopenda sana Wamarekani weusi wa kusini ni ukoo mmoja, ukiyaona sokoni usiogope ukubwa wake. Wao wanayapika muda mrefu, hata saa nzima, na kipande cha nyama ya moshi ndani, mpaka yawe meusi meusi na supu yake wanachovya mkate wa mahindi. Sisi tunakaanga dakika tano tunaepua. Mi nimechagua katikati, nakaanga vijipande vya ham mpaka viungue kidogo pembeni, kitunguu, nyanya, nakatia sukuma nyembamba, namwagia kikombe cha supu ya mfupa nafunika dakika 20, na ule mchuzi unaobaki chini ugali unaujua wenyewe. Wakati wa mwaka mpya hao hao wanapika kunde na wali na nyama ya nguruwe ya moshi, wanasema ni za bahati, na kunde zenyewe zilitoka kwetu Afrika, kwa hiyo ukiweka ham kwenye kunde zako hujavunja sheria yoyote.

Za haraka haraka sasa, kwa siku umetoka shifti miguu inauma.

Chipsi mayai. Hii haihitaji maelezo, chipsi za friza zikaange zikauke, tupia vijipande vya ham kwenye fraipani kabla ya mayai, mayai matatu, geuza, kachumbari pembeni yenye ndimu nyingi ikate ule uchumvi. Usitie chumvi kwenye mayai.

Wali uliolala. Uwe umelala kweli, wali wa moto unagandana. Hapa ndio ile ham ya pembeni yenye sukari inapopata heshima yake, ikaange peke yake kwanza kwenye fraipani kavu mpaka maji yaishe. Hili la maji ni muhimu sana, soma pakiti, nyingi zimeandikwa kabisa kwamba zimeongezewa maji, ukiitupia pamoja na wali inatoa maji wali unakuwa bokoboko. Ikishakauka tia karoti, njegere, yai, wali, soya sosi kidogo tu, na nanasi kama lipo, hapo linakubali.

Chapati. Kama una chapati za friza, na wengi tunazo tusidanganyane, pasha chapati, kaanga mayai na ham na kabeji iliyokatwa nyembamba, viringisha, ni kama rolex ya Waganda. Watoto wanaenda nayo shule na hairudi na kontena kama ile sandwichi inavyorudi.

Pilau msifanye. Nimeona mtu kaposti pilau ya ham na watu wanamsifia, mimi hapana, bizari na karafuu na iliki vikikutana na ule utamu wa asali na moshi kila mtu anapiga kelele sufuriani, na pilau inataka supu ya nyama ya kuchemka muda mrefu, kitu ambacho ham iliyoiva tayari haina cha kukupa. Kama umebanwa kabisa na una mfupa, pikia wali mweupe kwa supu yake ukaupe jina lingine.

Ndugu zangu Waislamu na wengine msiokula nguruwe ambao mmesoma mpaka hapa kwa upendo tu, nawashukuru, na nina habari njema, haya yote ya maharage na sukuma na kunde yanakwenda vile vile na bata mzinga wa moshi, shingo au mbawa, na watu wengi huku kusini siku hizi ndiyo wanayotumia wakikwepa nguruwe kwa sababu ya presha. Kwa mnaochinjiwa halali angalieni lebo au ulizeni kwenye bucha zenu, zipo. Na hilo la presha lituhusu wote kwa kweli, ham ina chumvi nyingi, mzee mwenye presha nyumbani mpunguzie, mpe yale maharage bila kumjazia nyama.

Kiporo cha kiporo kikipashwa kipashwe mpaka kitoe moshi katikati, wenye kipimajoto cha jikoni ni nyuzi 74, sio kile cha vuguvugu cha maikrowevu sekunde thelathini. Na ile ngozi na mafuta yaliyobaki, kata vipande vidogo, weka kwenye mfuko friza, kila ukipika mchicha au kabeji chomoa kimoja kiyeyuke kwenye sufuria kabla ya kitunguu, kwa mwendo huo mpaka mwezi wa sita bado unakula ham ya Pasaka na hakuna atakayelalamika.