Kumbukumbu ya katuni yangu: shujaa anampiga nani msimu wa korosho?

Haya wadau, maendeleo. Penseli ya sura ya pili imeisha, wino nimeanza, nachora kwenye karatasi halafu napiga picha kwa simu nasafishia kwenye Ibis Paint, app ya kuchorea. Rangi bado kabisa. Kwa mgeni, hii ni stori ya kijana wa hapa Mtwara, mchana anabeba magunia ghalani, usiku anavaa kinyago cha mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, na anaruka mapaa ya Chikongola kama hana akili nzuri.

Kilichonisimamisha ni mjomba kutoka Newala, mkulima, kaja mjini kaziona kurasa akaniuliza, "sasa njomba, huyu mtu wako anampiga nani?" Nikamwambia majambazi. Akacheka. "Jambazi hajawahi kuniibia mimi. Mimi nimeibiwa kwenye mizani."

Basi nikarudi kusoma katuni za wenzetu Marekani, nione shujaa wao anampiga nani. Superman wa kwanza kabisa, wa 1938, watunzi wake Siegel na Shuster wanamwingiza kwa nguvu nyumbani kwa gavana usiku kumwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa, anamchapa mwanaume anayepiga mke, na toleo hilohilo linaishia akimfuatilia mtu anayemshawishi seneta kimyakimya. Yaani adui alikuwa mpaka mwenye ofisi! Halafu 1954 wachapishaji wa katuni wa Marekani, baada ya kubanwa mpaka na Seneti, wakajitungia kanuni: polisi, majaji na viongozi wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima, na mhalifu kila mara lazima aadhibiwe. Ukishafungiwa mlango huo unabaki na nini, mwizi wa benki na mwanasayansi kichaa. Kanuni imekuja kufa kabisa 2011 lakini mazoea yake nimeyakuta mpaka kwenye kurasa zangu mwenyewe, na mimi niko Shangani, hapahapa Mtwara.

Magazeti ya kwenye katuni nayo yana mambo. Superman mchana ni mwandishi wa gazeti, kwahiyo habari na haki vinalala chumba kimoja, rahisi mno. Spider-Man ndo kumekucha, toleo la kwanza la 1963 anamwokoa mwanaanga, mtoto wa Jameson mwenye gazeti, na Jameson bado anamchafua gazetini, na toleo linalofuata Peter, ndo Spider-Man mwenyewe bila kinyago, anaanza kumuuzia picha huyohuyo kwa sababu ya njaa. Hiyo naielewa sana. Ila ninayempenda ni Ben Urich, mwandishi wa habari wa kwenye katuni ya Daredevil, anagundua siri yote ya shujaa, ana stori ya maisha yake mkononi, anaichoma.

Kwahiyo nimebadilisha. Somoe, yule mtangazaji wa redio niliyemweka apambe tu, sasa ndo anabeba sura ya tatu. Shujaa anamkamata usiku mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa mkulima kimagendo, nje ya mnada, anamfunga kwenye mkorosho, kurasa mbili za ngumi safi (hizo siziachi, nimezipenda). Asubuhi mkulima anamtukana shujaa, kwa sababu yule wa kangomba ndo alimkopesha hela ya salfa, dawa ya mikorosho, na ada ya mtoto, mnadani malipo yanachelewa. Nani mhalifu hapo? Wanaokumbuka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likazibeba, wanajua uhakiki wa kutafuta kangomba ulivyomgusa mpaka mtu wa kawaida.

Kazi ngumu ni kuchora karatasi ionekane hatari. Somoe anashika risiti mbili, kilo za shambani na kilo za ghalani, hazilingani. Nimejaribu fremu ndefu, tarakimu kubwa kuliko uso wake, mizani nyuma kama jitu. Mchoro wa mwisho naona umekubali.

Bado sijaamua kama redio itarusha hiyo stori au bosi wake ataizuia kwa sababu ya tangazo la mfanyabiashara. Nikimaliza wino wa kurasa za ghala ndo naandika hayo mazungumzo, na mjomba ameshasema anataka kuwemo, ila achorwe bila kitambi.