Sentimita tano zilizonifunza skwoshi ya kulipwa

Nilipoacha kucheza skwoshi kwa ridhaa na kuingia katika mashindano ya kulipwa, nilidhani kwamba kitakachonisumbua ni nguvu za wapinzani. Kilichonisumbua ni bati. Kwa asiyeufahamu mchezo huu, wachezaji wawili hupokezana kuupiga mpira kwa raketi kwenye ukuta wa mbele; sehemu ya chini ya ukuta wa mbele imezibwa kwa bati, na mpira ukiligusa aliyeupiga hupoteza pointi. Katika viwanja vya kawaida bati hilo huwa na kimo cha sentimita 48, ilhali kwa wachezaji wa kulipwa hushushwa hadi sentimita 43. Tofauti ya sentimita tano niliiona ndogo mno, hata sikuifikiria nilipokuwa nikijiandaa.

Katika mashindano yangu matatu ya kwanza nilitolewa kwenye raundi za mchujo, na kila mara kwa gemu tatu bila. Mpira mfupi, ule unaopigwa taratibu ili ufie karibu na ukuta wa mbele, ulikuwa ukinipa nafasi ya kuukimbilia kwenye uwanja nilioujua. Sasa uliweza kupita chini zaidi na kudunda kidogo mno, nami nikaufikia ukiwa tayari umedunda mara ya pili. Isitoshe, mpira wa mashindano, wenye nukta mbili za manjano, haurudi vizuri mpaka upate joto, na katika uwanja wa kuta za kioo, ambao mara nyingi huwa baridi, ulikuwa ukilala kana kwamba umechoka kuliko mimi.

Nilianza kujirekodi. Nilipozitazama rekodi hizo niligundua jambo la aibu: kila nilipopiga mpira mzuri nilibaki palepale nikiutazama. Katika skwoshi, baada ya kupiga unapaswa kurudi mahali ambapo mistari ya sakafuni inakutana na kufanya umbo la herufi T, mita 4.26 kutoka ukuta wa nyuma, kwa kuwa kutoka hapo unaweza kuifikia kila pembe. Mimi nilikuwa nikianza safari ya kurudi wakati mpinzani amekwisha kuinua raketi. Kuchelewa huko kulinigharimu hata mbele ya mwamuzi, kwani mara kadhaa mpira wangu ulirudi ulipo mwili wangu, nikawa nimemzibia mpinzani njia ya kupiga, naye akapewa pointi kwa haki kabisa, ingawa wakati huo nililalamika.

Marekebisho yalichukua karibu miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo sikugusa mpira. Nilifanya mazoezi ya kivuli, yaani kukimbilia pembe moja, kupiga hewa kwa raketi na kurudi kwenye T, kisha pembe nyingine, mpaka miguu ikarudi yenyewe bila kuamriwa. Nilipocheza na mwenzangu katika uwanja wa bati la sentimita 48, tulikubaliana kwamba mpira wake mfupi ukianza kushuka baada ya kudunda kabla sijaupiga, basi nimekosa. Sheria hiyo ya kujitungia ndiyo iliyonizoesha kasi ya bati la chini kuliko kitu kingine chochote. Vilevile nilipandisha mipira yangu ya nyuma. Badala ya kuipiga kwa nguvu na kwa chini, niliilenga juu zaidi ukutani ili isafiri polepole hadi pembe za nyuma, nami nipate sekunde moja ya ziada ya kufika katikati.

Kuhusu fedha sina mengi ya kusema. Zawadi ya anayetolewa mapema haitoshi hata nauli, kwa hiyo nilifundisha wachezaji asubuhi, nikajifunza kufunga nyuzi za raketi zangu mwenyewe, na wakati wa mashindano nikalala kwa familia zinazojitolea kupokea wachezaji. Katika safari hizo nilijifariji kwa habari za Ross Norman, mchezaji wa New Zealand ambaye alishindwa na Jahangir Khan, bingwa kutoka Pakistan, mara nyingi kabla ya kumfunga katika fainali ya ubingwa wa dunia mwaka 1986 mjini Toulouse, Ufaransa, na kuhitimisha zaidi ya miaka mitano ya kutoshindwa kwa Jahangir. Sikujilinganisha naye, nilichopenda ni kwamba aliendelea kujitokeza uwanjani.

Mara ya kwanza nilipovuka mchujo nilicheza gemu tano. Gemu huisha kwa pointi 11, lakini tofauti lazima iwe pointi mbili, na ya tano ilifika 10 kwa 10. Nilipata moja kwa mpira wa juu uliofia pembe ya nyuma kushoto, kisha mpinzani akajaribu mpira mfupi, nikaufikia ungali unapanda, nikausukuma kando ya ukuta. Siku iliyofuata nilitolewa na mchezaji aliyenizidi kwa kila namna. Usiku huo niliitazama rekodi ya ushindi wangu: katika gemu ya tano nilichelewa kufika kwenye T mara mbili tu, na mara zote mbili nilipoteza pointi.