Malaba mpaka Namanve ndani ya lori la Mombasa

Tumevuka Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, asubuhi, mimi nimekaa mbele na dereva wa Mombasa, nyuma tumebeba kontena la vigae, turnboi (utingo) amelala zake nyuma ya siti. Foleni ilikua ndogo. Zamani hapa malori yalikua yanalala kungoja makaratasi, lakini toka 2014 ushuru wa mzigo wa Uganda unalipwa kabla haujatoka bandarini, URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, wana watu wao huko huko Mombasa, kwahiyo Malaba wanaangalia sili na nyaraka unapita.

Watu wa Kampala huwa wanasema sisi hatuna bahari. Ni kweli iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kwetu, ila barabara hii yote inakula kutokana na bandari. Ukifika Naluwerere pale Bugiri utaona mwenyewe, malori yamepanga pande zote mbili, gesti, mafundi wa tairi, mobile money, chapati, wamama wanaongea Kiswahili cha madereva hata kama nyumbani ni Kisoga. Tulikula matoke na nyama kwa mama mmoja pale, nikamuuliza biashara ikoje, akasema "Mwanangu, malori yakisimama na mimi nimesimama." Akakumbuka Januari 2022 madereva walipogoma kule mpakani sababu ya vipimo vya korona, sufuria zake zilikauka, na huku Kampala wenyewe mnakumbuka petroli ilivyokua. Dereva akadakia na ya 2008, vurugu za baada ya uchaguzi Kenya, reli iling'olewa Kibera, barabara zikafungwa, na Uganda ikakosa mafuta.

Lakini mambo yanaenda pande zote mbili, bandari nayo imejengwa na mzigo wa Uganda, na hili ndo linaniuma kwasababu halisemwi. Tulipopita Iganga kuelekea Jinja nilikua namweleza dereva historia ya pamba. Reli ilianzia Mombasa 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901, halafu Waingereza wakabaki na treni inayohitaji mzigo wa kushuka nao, pamba ikasukumwa kwa wakulima huku Uganda kuanzia 1903 hivi, na 1912 wakajenga kabisa kareli ka Jinja mpaka Namasagali kwa ajili yake. Pamba ilipozidi, Kilindini, bandari ya Mombasa, ilibidi iongezewe gati za maji marefu miaka ya 1920. Yani jembe la mkulima wa Busoga limo ndani ya zile gati! Dereva amezaliwa Changamwe, Mombasa hiyo hiyo, na hajawahi kusikia hiyo, alinyamaza kidogo halafu akasema atawaambia wanawe.

Daraja jipya la Jinja tulilivuka jioni, lile la nyaya la 2018, foleni hakuna.

Kwenye msitu wa Mabira ndo tuliongea pesa. Nikamuuliza kaka, mbona kuleta kontena Kampala ghali hivi? Akaniambia "Kupanda ndiko kwenye pesa bwana, kushuka ni kutafuta ya dizeli tu." Kupanda ni kutoka Mombasa kuja Kampala, kushuka ni kurudi baharini. Maana yake Uganda inanunua vitu vingi kupitia baharini kuliko inavyouza, kwahiyo makontena mengi yanarudi matupu, na bei ya kupanda inabeba na ile safari ya kurudi bure. Na boksi lenyewe ni la kampuni ya meli, likichelewa kurudi unalipishwa kwa siku. Hiyo yote anailipa mama anayenunua vigae vya choo. Kwahiyo mimi naona tukipiga kelele za barabara na reli tu tunasahau nusu, tuongeze cha kushusha, kahawa, chai yetu ambayo inauzwa mnadani Mombasa, nafaka, vitu vya viwandani, boksi lishuke limejaa ndo bei ya kupanda italegea. Bandari ya Tanga, Tanzania, nayo inakuja na bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, ila lile ni la mafuta ghafi, halimsaidii mwenye duka Kikuubo, soko la jumla la Kampala.

Tumeingia Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, usiku, dereva anatafuta geti la bohari, simu yake ikalia. Kuna kahawa ya kupakia kesho, akishusha vigae tu boksi lile lile linajazwa magunia. Alipiga honi hadi turnboi akaamka.