Watoto wa muheme na upepo wa Dodoma

Jana tumepiga picha ya pamoja ya watoto wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, wadogo kweli, na aisee kuwapanga ni kazi kuliko kupiga yenyewe, ukimweka huyu sawa yule kashaanza kutikisa mabega. Mwalimu wao alitaka kitambaa cheusi nyuma eti ndo kinatoa picha za kibabe, nikamwambia mama angu hawa wamevaa kaniki, tukiweka cheusi tutabaki na vichwa na shanga zinaelea hewani tu 😂 tukaweka cha kahawia, shanga zikatoka vizuri mno. Nikawasogeza mbele ya kitambaa kama mita mbili ili vivuli vidondoke chini visigande pale nyuma.

Kwenye taa sasa. Wengi wanaisogeza karibu, matokeo yake mtoto wa pembeni anaungua kwa mwanga, sura nyeupe tupu, na wa upande wa pili yuko gizani. Irudishe nyuma, mwanga unalingana, ila ukizidisha umbali mara mbili unabaki na robo tu ya mwanga, so ongeza nguvu ya flashi au ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga. Lenzi niliweka f/8, yaani tundu lake nimelibana ili mbele na nyuma kote kutoke safi, maana mistari ni mitatu na wa nyuma nao wana mama zao wanaotaka kuwaona.

Upepo wa huku mnaujua, softiboksi, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa taa, inageuka tanga la jahazi, bila viroba vya mchanga kwenye stendi imeenda hiyo. Picha natuma wiki hii, wazazi msinipigie usiku jamani 🙏