Wazee wa Kambi ya Mkonge

Tangu nirudi Korogwe, jioni zangu nyingi zinaishia kwa wazee wa kambi ya mkonge. Simu inarekodi, mimi nauliza kidogo na kusikiliza sana. Miaka yote niliyokaa Hamburg, nikiulizwa kwetu ni wapi nilisema Tanga, kisha nikaeleza habari ya mkonge kama tulivyofundishwa shuleni: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba yaliyoipa Tanganyika jina duniani. Ni kweli yote. Ila babu yangu hayumo.

Babu alitoka Urundi, Burundi ya leo. Aliletwa na SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua ambayo wenye mashamba waliianzisha mwaka 1944. Wenzake walitoka Njombe, Songea, Kigoma, hata Msumbiji, na wote waliitwa manamba. Alifariki nikiwa mbali. Bibi yupo, Mzigua wa hapa hapa, na ndiye niliyeanza naye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo tena na hiyo simu?"

Nimeona kwamba ukimwambia mzee akusimulie maisha ya zamani, atakujibu yalikuwa magumu, basi. Muulize kazi ya mikono. Jirani yetu mmoja, Mbena, nilimuuliza mzigo mmoja ulikuwa na majani mangapi. Akanyoosha mkono kama ameshika kisu. Majani 30, akasema, ncha yenye mwiba unaikata kwanza, na utomvu unakuwasha mpaka shingoni. Kutoka hapo akafika mwenyewe kwenye kipande, kadi ya kuandikia siku za kazi: ufanye kazi siku 30 ndipo ulipwe, na siku ambayo hukumaliza ngwe yako haiandikwi. Mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni, akasema. Sentensi hiyo nimeisikiliza tena na tena.

Kuwakalisha wawili pamoja ni bora zaidi, maana wanasahihishana. Siku tulipozungumzia mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa 1958, wanaume wawili walibishana juu ya viongozi wa chama cha wafanyakazi na maneno ya mzungu wa shamba. Bibi akawakata: nyinyi mlikuwa mmekaa chini ya mwembe, unga alikuwa anautafuta nani? Akataja nyumba kwa nyumba, nani alikopesha debe la mahindi na nani alifunga mlango. Akaendelea na wanawake walioanika singa, yaani nyuzi za mkonge, juani, watoto wakiwa mgongoni. Karatasi za wakati ule ziliandikwa na makarani wa waajiri. Habari ya debe la mahindi haikuwahusu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoubeba mgomo.

Kuna mahali Bibi aliniambia, "Zima kwanza." Nikazima. Aliyoyasema hapo hayamo kwenye rekodi na sitayaandika popote. Ukitaka mzee akuamini jioni ya pili, jioni ya kwanza umtii. Kila mazungumzo nanakili kwenye kadi ndogo ya simu na kuiacha nyumbani kwa aliyezungumza. Wajukuu zake ndio wenye mali.

Kitu kimoja sikukitarajia. Bibi anakijua kilima cha kwao Babu na majina ya baba na babu zake, kwa sababu marehemu alimkaririsha. Niliirekodi sehemu hiyo peke yake, kwa ridhaa yake nikamtumia rafiki Mrundi niliyefahamiana naye Ujerumani, naye akaipeleka kwao. Sauti imerudi kutoka Rutana: mzee mmoja anayataja majina yale yale, kwa mpangilio ule ule. Tutapigiana Jumamosi. Bibi ameshaniandikisha maswali yake, na la kwanza ni kama Babu aliacha mke kule.