Siku Niliyomtetea Malkia Caroline

Tukiwa mwaka wa pili, mwalimu wetu wa Sheria ya Ushahidi alitupa kazi ya kuigiza shauri la Malkia Caroline wa Uingereza, lililosikilizwa na Baraza la Malodi, baraza la juu la bunge la huko, mwaka 1820. Nikapangiwa kuwa Henry Brougham, wakili wake.

Niliingia darasani na hasira. Mumewe Caroline, George wa Nne, alitengana naye mara tu baada ya binti yao Charlotte kuzaliwa mwaka 1796, akaishi na vimada bila kificho. Aliporithi ufalme akataka Caroline avuliwe umalkia na ndoa ivunjwe, kwa madai kwamba alizini na Mwitaliano, Bartolomeo Pergami. George angekwenda mahakama ya kanisa, maovu yake mwenyewe yangeanikwa. Serikali ikapeleka muswada bungeni, na watunga sheria wakageuka mahakimu.

Shahidi wa serikali, Theodore Majocchi, aliyewahi kuwa mtumishi wa Caroline, aliigizwa na kaka mmoja wa Tanga mwenye sauti nene. Alitiririka: chumba cha malkia kilikuwa hapa, cha Pergami pale, mlango huu unafungukia kule. Nikasimama kumdodosa. Watumishi wengine walilala wapi? "Non mi ricordo," akajibu, sikumbuki. Na yule mwingine je? Non mi ricordo. Haikuchukua muda, darasa zima likawa linaitikia pamoja naye. Sikuwa na haja ya kumwita mwongo. Mtu anayekumbuka vyumba viwili na kusahau nyumba nzima amekwisha kujisema.

Kwenye hotuba sauti ilinitetemeka. Brougham aliwaambia malodi kwamba wakili akiwa kazini anamjua mtu mmoja tu duniani, naye ni mteja wake, hata kama utetezi huo utaitia nchi kwenye vurugu. Nyuma ya maneno hayo palikuwa na kitisho: mwaka 1785 George alikuwa amefunga ndoa ya siri na Maria Fitzherbert, Mkatoliki, jambo ambalo lingeweza kumkosesha taji.

Mwenzangu aliyeigiza Thomas Denman, wakili mwingine wa Caroline, alipofika pale pa "enenda zako, wala usitende dhambi tena", watu wakaguna. Denman kweli aliyasema hayo, na bado yananiuma. Asiye na hatia haombewi msamaha.

Mwalimu akasoma kura za 10 Novemba: 108 waliunga mkono muswada, 99 wakaupinga. Kwa tofauti ya kura 9 tu, Waziri Mkuu Lord Liverpool akauondoa muswada. Tukapiga makofi. Dada mmoja akauliza Caroline alifaidi nini, maana Julai 1821 alizuiwa kuingia Westminster Abbey mumewe akitawazwa, na Agosti 7 akafariki. Tulibishana mpaka wa kipindi kilichofuata wakaanza kuingia. Mimi nilisema, na bado nasema, Brougham alishinda: mteja wake alikufa akiwa malkia, tena mke halali wa mfalme.